Mama Msuguano na Mlango Aliokataa Kuugandisha

Baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi, ifikapo tarehe thelathini ya mwezi huu, ofisi ya hesabu za uhandisi itampoteza mtu ambaye nusu ya ofisi hiyo imewahi kuomba, kwa nyakati tofauti na kwa dini tofauti, apotee mapema zaidi. Anastaafu. Hakufukuzwa, ingawa walijaribu. Hakuhamishwa, ingawa kiti chake kule stoo ya michoro kilikwisha kufutwa vumbi. Wala hakuchoka, ingawa sisi tulichoka. Ni umri tu uliofika, na umri ndio bosi pekee ambaye hakupata nafasi ya kubishana naye.

Jina lake kamili linajulikana na watu wa mishahara. Sisi wengine tunamwita Mama Msuguano, na jina hilo alipewa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba kazi yake ilikuwa kukokotoa jinsi vyuma vinavyogusana na kusuguana. Ya pili ni kwamba hakuna kikao alichoingia kikatoka laini.

Kwa ndugu zetu wa idara ya mauzo, ambao hufungua jarida hili kutafuta picha zao, ni vyema nieleze kidogo. Kiwanda chetu hutengeneza matangi ya mvuke, yale ambayo hospitali hutakasia mikasi, visu na vyombo vingine vya upasuaji. Kabla chuma hakijakatwa, mhandisi huketi mbele ya kompyuta, akakichora kifaa, akakigawa vipande vidogo vidogo mithili ya wavu, kisha akakibebesha presha ya kwenye hesabu ili aone kama kitapinda, kitapasuka au kitavumilia. Kifaa kikiwa kimoja hakina shida. Ni kama mtoto aliyelala. Balaa huanza vinapokuwa viwili na vinatakiwa vigusane. Kompyuta haijui kama vimekwisha kukutana au bado. Haijui kama vitasukumana, vitateleza au vitaachana. Hubahatisha, ikikosea hurudi nyuma, hubahatisha tena, na mwisho hugoma, ikakuachia ukurasa mzima wa maandishi mekundu. Wahenga walisema vikombe vikikaa pamoja havikosi kugongana. Hawakusema hesabu za kugongana kwake zingemla mtu maisha yake yote.

Mama Msuguano alizipenda hesabu hizo kama wengine wanavyopenda mpira, yaani kwa kelele na kwa kutukana waamuzi. Alipoanza kazi, kompyuta ya ofisi ilikuwa moja, na ilihitaji chumba chake na kipoza hewa chake. Sisi wahandisi hatukuwa na kipoza hewa. Hesabu yake ya kwanza ya mguso ilikuwa ya boliti na bamba. Aliliacha boliti likielea kwenye tundu bila kulishikiza popote, akalisukuma, akaenda nyumbani. Asubuhi kompyuta ilimjibu kwamba boliti limehama na sasa liko mbali kuliko mwezi. Mwingine angelificha jambo hilo. Yeye alilichapisha, akalibandika juu ya meza yake, na kila mwajiriwa mpya aliyeingia alisimamishwa mbele ya karatasi hiyo na kuulizwa, kama mtuhumiwa, kwa nini boliti liliondoka. Waliojibu kwamba labda presha ilikuwa kubwa walipewa kazi ya kupanga majalada. Jibu lilikuwa kwamba hakuna kilicholishika. Hata pumzi ya paka ingelipeleka huko.

Kuanzia hapo akawa na kanuni moja aliyoirudia mpaka ikatujia ndotoni: visogeze kwanza vigusane, ndipo uvibebeshe mzigo. Aliitumia kila mahali. Mhasibu wetu alipofunga ndoa, alimwomba Mama Msuguano atoe nasaha kwa maharusi. Mama alisimama, akasema kuwa hao wawili wapewe muda wa kuzoeana kabla ndugu hawajaanza kuleta mizigo yao, na mizigo yenyewe iletwe kidogo kidogo, na kila baada ya mzigo watu wasubiri waone kama wametulia. Kisha akaketi. Mama mkwe hajamsamehe hadi leo. Ndoa, kwa taarifa yenu, ipo.

Isidhaniwe alikuwa hakosei. Rafu ya vikombe kwenye chumba cha chai aliikokotoa mwenyewe, kwa kujitolea, baada ya kuituhumu rafu ya fundi seremala kuwa ni ya kubahatisha. Hesabu yake ilisema rafu itabeba vikombe vyote na birika juu. Rafu ilibeba vikombe vyote na birika juu hadi Jumatano, ikashuka navyo. Alikuja, akavitazama vigae sakafuni, akatangaza kuwa hesabu ni sahihi ila ukuta ndio haukuisoma. Tulikunywa chai kwenye vifuniko vya chupa za maji mwezi mzima. Seremala alikuwa akipita dirishani makusudi, akipiga mluzi.

Lakini wasifu huu ukiandikwa bila habari ya mlango, wafanyakazi wa karakana wataurudisha. Basi na tuueleze mlango.

Miaka kadhaa iliyopita kiwanda kilipata oda ya matangi makubwa, makubwa kuliko yote tuliyowahi kutengeneza. Mlango wa tangi hilo ni wa duara, na ukizungusha usukani wake, makomeo huchomoza pande zote na kuingia ndani ya pete ya chuma. Ncha za makomeo zilichongwa mteremko kama kabari, ili kadiri yanavyoingia ndivyo yanavyouvuta mlango ukaze mpira wa kuzibia. Ni ubunifu mzuri. Una tatizo moja ambalo mtu yeyote aliyewahi kuweka kabari chini ya mlango wa chumba chake analijua: kabari inayoingia kwa kuteleza inaweza pia kutoka kwa kuteleza. Presha ya mvuke ikisukuma mlango, ule mteremko huyasukuma makomeo yarudi yalikotoka. Kinachoyazuia ni msuguano na springi moja isiyotisha.

Hesabu ya mlango huo alipewa mhandisi mwenzetu tuliyemwita Mchoraji. Alikuwa mwepesi, nadhifu, mwenye kalamu nne mfukoni, na picha zake za kompyuta zilikuwa nzuri kiasi kwamba mkurugenzi alizitia kwenye fremu. Mchoraji alihangaika na makomeo siku kadhaa. Kila alipowasha hesabu, iligoma. Hatimaye akapata njia ya mkato: akaiambia kompyuta kwamba komeo na pete havigusani tu, vimegandana, kama vimetiwa gundi. Hesabu ikatulia papo hapo. Picha ikatoka ya buluu na kijani, bila doa jekundu. Mkurugenzi aliitazama kama mtu anayetazama mjukuu wake wa kwanza.

Ilibaki saini ya mkaguzi wa hesabu, na mkaguzi wa hesabu alikuwa Mama Msuguano.

Alikuja mezani kwa Mchoraji, akavaa miwani, akaiinamia picha mpaka pua ikakaribia kioo. Kwake hiyo ilikuwa dalili mbaya.

"Nzuri sana," alisema. "Sasa niambie, fundi akitaka kuufungua mlango huu, anakuja na msumeno?"

"Kwa nini msumeno, Mama?"

"Umeugandisha. Mlango uliogandishwa hauwezi kuteleza hata ukitaka. Umeiuliza kompyuta kama mlango utafunguka, na kabla haijajibu umeiziba mdomo."

Mchoraji alijitetea kwamba chuma na chuma vina msuguano wa kutosha, kwamba vitabu vinasema hivyo, na kwamba muda haupo. Yote matatu yalikuwa kweli, ukiacha kwamba hakuna mtu aliyekiuliza chuma. Mama Msuguano hakutia saini.

Jambo hilo lingeishia kwenye ugomvi wa kawaida wa ofisini, na sisi tungeufurahia kwa kiasi, kama si mdogo wake. Mdogo wake Mama Msuguano ni muuguzi, na kwa miaka mingi alikuwa msimamizi wa chumba cha kutakasia vyombo katika hospitali inayotumia matangi yetu ya zamani, yale madogo, ambayo milango yake ina makomeo kama hayo ila husukumwa kwa nguvu kidogo. Jumapili moja walikuwa jikoni kwa dada mtu, wakimenya viazi, na dada mtu akawa analalamika juu ya Mchoraji na gundi yake. Mdogo mtu akacheka.

"Hiyo gundi mbona ipo kweli, dada. Makomeo yenu ni magumu hayo! Wasichana wangu wanazungusha usukani mpaka mabega yanauma. Sisi huyapaka grisi kila wiki, la sivyo hayaingii."

Mama Msuguano aliweka kisu chini.

"Mnapaka wapi?"

"Kwenye ncha. Si ndipo panapokwama?"

"Na mlango ukiwa na mvuke ndani, nyinyi mnasimama wapi?"

"Mbele yake, dada. Geji ziko mbele. Kwani tusimame wapi?"

Habari hii nimeipata kwa mdogo mtu mwenyewe, maana dada mtu hapendi kuisimulia. Anasema viazi vilibaki nusu vimemenywa, na dada yake aliondoka mezani bila kunawa mikono.

Kesho yake Mama Msuguano aliifuta kwenye kompyuta yake mwenyewe nakala ya hesabu ya Mchoraji na kuanza upya, makomeo yakiwa huru, na msuguano mdogo kama wa chuma kilichopakwa grisi. Hapa naomba wasomaji wanisamehe nikitabasamu. Mwanamke aliyetutukana miaka yote kwa hesabu zetu kugoma aliwasha ya kwake, nayo ikagoma. Akaiwasha tena, ikagoma. Ofisi nzima ilijaa adabu ambayo haijawahi kuonekana. Watu walipita nyuma ya kiti chake kwenda kuchukua karatasi wasizozihitaji. Mchoraji alimletea chai, na aliiweka mezani kwa upole uliokuwa na kucha.

Mkurugenzi naye akaja. Alikuwa mtu mrefu, mpenda methali, na aliamini methali huharakisha kazi.

"Mama, ngoja ngoja huumiza matumbo. Mteja anasubiri."

"Na mlango ukiruka huumiza nini, Mkurugenzi?"

"Lakini hesabu yako haitoi jibu lolote! Ya mwenzako imetoa."

"Hata kasuku hutoa jibu."

Tuseme ukweli, mkurugenzi alikuwa na hoja, na Mama Msuguano aliijua, na ndiyo iliyokuwa ikimnyima usingizi. Hesabu ya mguso ikigoma, inaweza kuwa inasema moja kati ya mambo mawili. Labda mlango wenyewe unateleza kweli. Au labda mhandisi ameipanga vibaya, na mlango hauna hatia. Maandishi mekundu ni yaleyale. Mtu anayekimbilia kusema mlango ni mbovu kwa sababu hesabu yake imegoma ni sawa na daktari anayesema mgonjwa amekufa kwa sababu kipimo chake hakina betri.

Kwa hiyo aliacha kuulaumu mlango, akaanza kuitafuta aibu yake mwenyewe. Aligundua kuwa kwenye mchoro, kati ya komeo na pete, kulikuwa na upenyo mwembamba kuliko unywele. Mwanzoni kabisa hakuna kilichokuwa kimegusa chochote, na presha ya kwanza iliutupa mlango hewani kama lile boliti lake la ujana. Akaliondoa kosa hilo: badala ya kuyasukuma makomeo kwa nguvu, aliyasogeza taratibu mpaka yakaigusa pete, akasimama hapo, akaangalia kama yote yamegusa. Hayakuwa yote. Akarekebisha. Kisha akaona ncha ya komeo imegawanywa kwa wavu wa vipande vikubwa, na kona ya kipande kimoja ilikuwa imejichoma ndani ya pete kama mwiba kwenye kisigino. Akaufinyanga wavu upya, mdogo na mwororo pale panapogusana, na kuuacha mkubwa pengine kote, maana hakuwa na kompyuta ya kuchezea. Akaweka breki laini ya muda kuzuia mlango usitetemeke katika hatua za mwanzo, akaandika kwa wino mwekundu kwenye kiganja chake kwamba aitoe mwishoni, kwa kuwa wengi huiweka na kuisahau, halafu wanausifu mlango kwa kazi ya breki. Presha akaipandisha bandu bandu, na hatua za mwanzo zilipokwisha akaitoa breki.

Hesabu ikatulia. Ilipanda hatua kwa hatua kama mtu anayepanda ngazi akiwa na trei ya mayai. Haikugoma, haikurudi nyuma. Na ilipofika kama theluthi mbili za presha ya kazi, makomeo yalianza kuteleza yakirudi ndani, yote kwa pamoja, polepole, kisha si polepole.

Hakupiga kelele. Aliongeza msuguano ukawa wa chuma kikavu, bila kugusa kitu kingine chochote, akawasha tena. Mlango ukashika mpaka mwisho. Akarudisha grisi. Ukatoka. Hapo ndipo alipojua kuwa kilichobadilisha jibu ni grisi na si mkono wake.

Alituonyesha sote. Mchoraji aliangalia, akacheka kicheko cha mtu aliyekaukiwa mate.

"Mama, umehangaika muda wote huo kutengeneza hesabu iliyotulia, ili ije kutuambia mlango hautulii?"

"Ndiyo maana ya kuitengeneza," alisema.

Mkurugenzi hakushawishika. Alisema hospitali zitakatazwa kupaka grisi, kutawekwa kibandiko. Mama Msuguano aliuliza kama kibandiko kitasaidia kuzungusha usukani. Mkurugenzi alisema tangi la kwanza limekwisha kuundwa, mkaguzi wa mteja yuko njiani, na kama saini ya Mama ni nzito hivyo basi Mchoraji ataweka ya kwake. Mchoraji aliiweka. Jioni hiyo tuliambiwa kuwa Mama Msuguano atahamia stoo ya michoro, ambako uzoefu wake ulikuwa unahitajika sana. Kule stoo kuna michoro na panya.

Siku ya majaribio tulikusanyika uani, nyuma ya karakana. Tangi lilijazwa maji na si mvuke, kwa kuwa maji yakitoka hutoka kwa aibu, ila mvuke hutoka kwa kisasi. Alikuwepo mkurugenzi na suti yake ya kijivu, mkaguzi wa mteja, ambaye alikuwa mwanamke mfupi mkimya mwenye kofia ngumu iliyomzidi, mpigapicha wa jarida hili, na fundi mkuu wa karakana kwenye pampu. Sisi tulisimama nyuma ya ukuta wa matofali kama taratibu zinavyosema. Mkurugenzi alisimama pembeni ya tangi, kama mpigapicha alivyosema.

Fundi mkuu alipampu. Geji ilipanda, ikapita presha ya kazi, ikakaa. Mlango haukutoa hata tone. Tukapiga makofi. Mchoraji alifunga macho kama mtu aliyefika nyumbani. Soda zikaanza kufunguliwa. Na hapo Mama Msuguano, ambaye hakualikwa, akatokea mlango wa stoo akiwa amenyoosha mkono juu kama mwanafunzi.

"Naomba makomeo yapakwe grisi, jaribio lirudiwe."

Mkurugenzi alicheka na kumgeukia mgeni. "Mama yetu huyu ana utani sana. Anastaafu karibuni." Ilikuwa bado miaka mingi.

Mkaguzi wa mteja hakucheka. "Grisi ya nini?"

"Ile ile wauguzi wanayopaka kila wiki ili mlango ufunge. Muulize yeyote anayezungusha usukani ule. Sisi hapa hatujawahi kumuuliza."

Mgeni alifikiri kidogo, akamtazama fundi mkuu. "Grisi ipo?"

"Mama, karakana ikose grisi?" alisema fundi mkuu, ambaye tayari alikuwa na kopo mkononi. Sitasema kopo hilo lilifikaje mkononi mwake upesi hivyo.

Makomeo yakapakwa. Usukani ukazunguka kwa kidole kimoja, mpaka tukashangaa. Fundi mkuu akarudi kwenye pampu. Geji ikaanza kupanda, na watu wakaendelea na soda zao, maana mlango ulikwisha kufaulu, na mtu hafanyi mtihani mara mbili. Nilimtazama Mama Msuguano. Hakutazama geji. Alitazama makomeo, midomo yake ikicheza bila sauti.

Kwanza ulisikika mkwaruzo, mwepesi, kama wa mtu anayevuta kiti. Kisha paa! Mlango ukaruka hadi mwisho wa bawaba zake na kujipigiza kwenye ubavu wa tangi, na maji yote yakatoka kwa mkupuo mmoja yakamchukua mkurugenzi miguu, yakamketisha, yakamsogeza hadi kwenye kreti za soda. Hakuumia, ila heshima yake ilihitaji kulazwa. Mpigapicha anasema hakupiga picha. Sisi tuliyo nayo hatujui imetoka wapi.

Hakuna aliyecheka wakati ule. Kila mtu aliutazama ule mlango ukiyumba, na pale mbele yake, hatua moja kutoka kwenye geji, palipokuwa patupu. Kila mtu, kichwani mwake, alimweka pale mtu wake.

Mama Msuguano alikwenda hadi kwenye tangi, akapitisha kidole kwenye ncha ya komeo, pale grisi ilipoacha mstari mrefu unaong'aa. Kisha akaketi juu ya kreti, akakifuta kidole kwa leso, tena na tena. Nilidhani anafurahia ushindi. Nikamkaribia ili nimpongeze, au angalau nimzuie asianze hotuba.

"Nilitaka niwe nimekosea," aliniambia. "Nimeomba tangu Jumapili ile niwe nimekosea."

Nimefanya naye kazi muda mrefu. Sikuwahi kumsikia akitaka jambo hilo kabla ya siku ile, wala baada yake.

Mkaguzi wa mteja aliandika maneno machache, akamwomba mkurugenzi, ambaye alikuwa akimimina maji kutoka kiatuni, ampe mhandisi wa kusahihisha mlango. Mkurugenzi alimtazama Mchoraji. Mchoraji, na hapa ndipo nilipoanza kumheshimu, alimtazama Mama Msuguano, akasema mbele ya watu wote, "Mimi niligandisha. Yeye ndiye anayejua."

Walikaa pamoja wiki nyingi. Mama Msuguano alikubali kwa sharti kwamba Mchoraji ndiye atakayeshika kipanya, yeye ataketi nyuma na kula karanga. Tulizisikia karanga hizo hadi chumba cha pili. Kila hesabu ilipogoma, Mchoraji alitaka kubana kitu, kuongeza nguvu, kufunga kitu. Alikuwa akisikia sauti nyuma yake: "Usiilazimishe. Iulize inaogopa nini." Alichukia kauli hiyo kuliko tunavyochukia kodi. Mwisho wakaja na komeo ambalo mteremko wake unakatika kabla ya mwisho, likimalizia na kikanyagio bapa. Likishaingia, linaketi, hata ukilipaka grisi, mafuta ya kula na sabuni juu yake, haliendi popote. Walijaribu vyote vitatu. Fundi mkuu alishauri pia uji, wakakataa.

Kisha haki ikatendeka, kama inavyotendeka katika mashirika. Mkurugenzi alipewa tuzo ya usalama kazini, na katika hotuba yake alitumia mara nyingi neno "tuligundua". Alipandishwa cheo akaenda makao makuu, na ni matumaini yetu kwamba huko hawasomi majarida ya wafanyakazi, ndiyo maana habari ya kreti za soda haikukatwa. Mchoraji sasa ni mkuu wa ofisi yetu, na ni yeye aliyeniagiza niandike haya yote bila kumpunguzia. Mama Msuguano alipewa cheti ambacho jina lake lilikosewa. Alikirudisha likasahihishwe. Kilirudi kikiwa na kosa jingine.

Amewafundisha wahandisi wengi katika nchi hii na nje yake, karibu wote bila ridhaa yao. Hakumsifu hata mmoja usoni. Kama hesabu yako ilikuwa nzuri kabisa, alikuwa akiigeuza karatasi aone nyuma yake kuna nini, asipoona kitu akakurudishia, na wewe ukaenda nyumbani ukamweleza mwenzi wako kana kwamba umepata nishani. Mwajiriwa wetu mpya kabisa aliniuliza juzi, kwa sauti ya chini, kama ni kweli anaondoka, na nilipomwambia ndiyo hakufurahi kama nilivyotarajia. Alisema, "Sasa nani atatukatalia?" Mkuu wa ofisi alimwomba Mama Msuguano abaki hata kwa mkataba mfupi. Alikataa. Alisema anataka kulala hadi saa tatu, kulima mchicha, na kujifunza kuogelea, jambo ambalo hakulipatia nafasi katika maisha yote ya kupigana na maji.

Basi, kwa niaba ya ofisi, karakana, na wauguzi wasiojua kwamba unaishi, tunakushukuru. Tunakushukuru kwa kila saini uliyotia, na zaidi kwa ile uliyoikataa. Nenda salama, dada yetu. Mungu akupe afya, miaka mingi, na bustani yenye rutuba. Na wale watakaokuwa majirani zako, tunawaombea subira.